Mifupa Mizima

Niliumia mgongo mbele ya darasa la sita zima, nikiwaonyesha watoto jinsi ya kuruka. Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya msingi pale Milanzi, umri wangu miaka thelathini na minane, mwili mwepesi, nimezoea kukimbia pamoja na watoto badala ya kusimama pembeni na filimbi. Shimo letu la kurukia lilikuwa limebaki udongo mtupu. Mvua zilikuwa zimeuzoa mchanga wote, na mara tatu nilikuwa nimemwomba mwalimu mkuu atuletee mwingine. Mara zote tatu alinijibu kwamba watoto wa Ufipa wanaruka hata kwenye mawe.

Nilikimbia, nikaruka, nikatua kwa visigino. Kitu kikanichoma chini ya kiuno, kikateremka na mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo. Watoto walipiga makofi. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikamalizia kipindi. Ndivyo nilivyokuwa siku zile. Sikuona kwa nini somo likatizwe kwa ajili ya kichomi.

Siku ya tatu nilishindwa kuinama kuvaa viatu. Mume wangu ni dereva wa lori, na siku nyingi yuko njiani kati ya mjini na Mtowisa kufuata mpunga, lakini siku hiyo alikuwepo. Alinivalisha viatu, akanipeleka hospitali kwa bajaji. Nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikapigwa picha. Daktari aliinua ile picha dirishani akaitazama kwa muda mfupi.

"Mifupa yako mizima kabisa, mama," alisema. "Pumzika siku tano."

Akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi, nikapeleka nakala shuleni, na karatasi ile ndiyo iliyonimaliza. Siku tano zilipita, mwezi ukapita, mwaka ukapita, na maumivu hayakwenda popote. Kila nilipomwomba mwalimu mkuu anipunguzie vipindi vya kukimbia, alifungua faili langu na kunisomea kwa sauti, walimu wenzangu wakisikia.

"Hapa pameandikwa mizima, mwalimu. Mimi si daktari, nasoma tu."

Wenzangu walicheka kidogo, nami nikacheka nao, na kule kucheka kukanichoma mgongo.

Nyumbani, miezi ya kwanza, mume wangu alinichemshia maji na kunikanda kwa kitambaa. Baadaye akawa anauliza, "Leo tena?" Mwisho akaacha kuuliza. Watu humsifu kwamba ana subira, na wakija kututembelea pole humpa yeye. Jirani mmoja aliniita kando akaninong'oneza kwamba nimerogwa na anamjua aliyefanya hivyo. Nilikataa kumsikiliza, lakini nikiwa mkweli, katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeamini kwamba ninaumwa.

Mwaka wa tatu baba yangu alifariki. Ilikuwa Juni, upepo wa Ufipa unakata masikio, nikaenda kwetu Kaengesa nikiwa nimemeza vidonge viwili badala ya kimoja. Dada yangu mkubwa alikuwa amebaki kijijini miaka yote kumtunza mzee, na msibani yeye ndiye aliyeshika jiko. Wanawake walikuwa wengi: wengine wanabeba maji kichwani, wengine wanachambua maharage, wengine wamekaa kwenye mikeka kumzunguka shangazi yetu. Mimi nilikuwa siwezi kukaa chini. Nikivuta goti kifuani, mguu wote ulikuwa unawaka. Nikaomba kiti cha plastiki kwa wanaume nikakiweka pembeni ya mkeka.

Yeyote aliyewahi kukaa msibani anajua maana ya mwanamke kukaa juu ya kiti wenzake wakiwa chini. Walinipa pole wakiniangalia kwa kunyanyua shingo. Shangazi aliuliza kwa upole, "Mwanangu, unaumwa?" Kabla sijajibu, dada yangu alipita na sufuria mkononi.

"Huyo ni mwalimu, shangazi," alisema. "Mikeka ni yetu sisi wa jembe."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka. Nikakisukuma kile kiti nyuma, nikashuka chini, nikakaa kama wengine, miguu nimeikunja upande mmoja kama alivyotufundisha marehemu mama. Nilikaa hivyo mpaka padri alipomaliza sala. Wenzangu waliposimama kwenda makaburini, mimi sikusimama. Mguu ulikuwa umekufa na kiuno kimejifunga. Wanawake wawili walinishika kwapani wakaninyanyua, nikapiga kelele mbele ya jeneza la baba, wakadhani namlilia yeye. Dada yangu hakudhani hivyo. Nilimsikia nyuma yangu akisema kwa Kifipa kwamba hata leo sijaacha kutaka kutazamwa.

Sikufika kaburini. Baba yangu alizikwa mimi nikiwa nimelazwa kwenye godoro la watoto, nikisikia nyimbo kwa mbali.

Baada ya msiba nililala wiki mbili, kisha nikarudi hospitali nikamwambia daktari mpya kwamba sitaki vidonge tena, vimeshaniharibu tumbo. Akaniandikia nikamwone mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Nilimkuta kwenye chumba cha mwisho kabisa, mwanamke mdogo kwa umri, na humo ndani mlikuwa na godoro gumu, ngazi fupi ya mbao na mpira mkubwa. Nilimpa karatasi yangu pamoja na ile picha haraka haraka, ili asome mwenyewe yale maneno na yaishe.

Alisoma, akaniweka chali, akanyanyua mguu mmoja baada ya mwingine, akanigusa hapa na pale akiuliza. Kisha akasema, "Ni kweli mifupa haijavunjika. Na ni kweli unaumwa. Kuna vitu vinauma ambavyo picha hii haivionyeshi."

Nililia. Aliniacha nilie, akaendelea kuandika.

"Yataisha?" nilimuuliza.

"Sitakudanganya. Huenda yasiishe yote. Ila unaweza kurudisha nguvu, na maumivu yakapungua ukubwa."

Akanipa mazoezi ambayo zamani ningemcheka. Nilale chali, nikunje magoti, ninyanyue kiuno, nihesabu mpaka tano, nishushe. Nitembee dakika kumi kila asubuhi, si kumi na moja. Siku nzuri kumi, siku mbaya kumi zile zile. "Ninyi watu wa michezo mkijisikia vizuri mnakimbia mpaka mnaanguka," alisema. "Halafu wiki nzima mko kitandani. Tutakwenda kwa saa. Maumivu hayatakupangia, na furaha pia haitakupangia."

Ilinichukua miezi kumwelewa. Mimi nilikuwa nimelelewa kwenye kukaza. Nilifika dakika kumi, nikawa nauona mlima mbele yangu, miguu inataka, na ilinibidi nigeuke kama mzee. Nilijifunza kufagia nusu ya uwanja, nikae, nimalizie nusu baadaye. Nilijifunza kuokota kitu kwa kukunja magoti. Dakika kumi zikawa kumi na tano, zikawa thelathini. Sikupona. Lakini ilifika siku nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, na sikumwambia mtu.

Siku moja nikiwa kwenye lile godoro, yule mtaalamu aliniuliza tu, kama mazungumzo, "Mtoto akikwambia anaumwa katikati ya mazoezi, unafanyaje?"

"Namwambia akaze," nilijibu.

Alinisogezea mguu akaniambia nihesabu. Nilishindwa kuhesabu, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka msichana mmoja.

Alikuwa darasa la sita miaka mingi kabla sijaumia, mkimbiaji mzuri, mkimya. Muhula mmoja alianza kubaki nyuma. Aliniambia goti la kulia linauma. Nilimwita mbele ya wenzake, nikalibonyeza goti lile, halikuwa limevimba. Nikasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Goti zima hili. Unaigiza." Nikampa mizunguko sita ya uwanja. Aliikimbia yote huku analia. Baada ya muhula ule hakukimbia tena, na nilipomwona anachechemea nilijiambia kwamba ameanguka huko kwao.

Sasa ni mtu mzima, ana genge la nyanya na vitunguu hapo hapo Milanzi, na anachechemea mpaka leo. Nilikuwa nimenunua kwake kwa miaka, na sikuwahi kumuuliza habari ya mguu. Kesho yake asubuhi nilikwenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mguu wako bado unauma?"

Alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu. Hakuinua macho. "Unauma tangu siku ile ulipoushika mbele za watu."

"Nilikosea," nikasema.

"Ndiyo."

Nilisubiri aongeze kitu. Alihudumia mteja, akafunga vitunguu kwenye mfuko, akarudi kwenye nyanya zake. Nikamweleza habari za yule mtaalamu, kwamba ni mtu anayesikiliza, kwamba nitamsindikiza.

"Na yeye ataniambia zima?"

"Hapana."

Alikubali, nadhani kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu yangu. Tulikwenda Alhamisi. Mtaalamu alimlaza, akakunja mguu wake wa kulia, akajaribu kuuzungusha kwenda ndani. Haukuzunguka. Akaugusa juu, karibu na kinena, mwenye genge akang'ata mdomo.

"Tatizo lako si goti," mtaalamu alimwambia. "Ni nyonga. Kwa mtoto, nyonga ikiharibika maumivu anaweza kuyasikia gotini. Goti ukilitazama huoni kitu."

Akamwandikia picha, na ilipotoka, ilionekana hata kwangu mimi nisiyejua. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza zamani kikagandia upande. Mimi nilikuwa nimetamani miaka mitatu picha moja iseme kitu. Ya kwake ilisema kila kitu.

"Ilianza nikiwa mdogo?" aliuliza.

"Ukiwa na miaka kumi na moja, kumi na mbili hivi. Ungeletwa mapema, ungezuiwa kuukanyagia ule mguu, ukatibiwa kabla haujateleza zaidi."

"Kwa hiyo kukimbia ndiko kulikoharibu?"

Mtaalamu alinitazama mara moja, akarudisha macho kwake. "Huenda kulizidisha tatizo."

Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye benchi. Nilijiandaa anitukane, nilitaka anitukane. Alivaa viatu vyake taratibu, akachukua karatasi ya rufaa ya hospitali kubwa, akamshukuru mtaalamu. Nje alitangulia. Kwa mguu ule alinitangulia, nami kwa mgongo huu sikuweza kumfikia, na sikumwita.

Bado anasubiri kufanyiwa upasuaji. Alimwambia mtaalamu kwamba siku za mazoezi yake zisigongane na zangu, na haijagongana hata moja. Dada yangu wa Kaengesa hajawahi kuniomba radhi, na siku hizi sina kinywa cha kumdai. Shuleni, mtoto akisema anaumwa namkalisha, naandika jina lake, namwita mzazi. Mwalimu mkuu anasema nalea wavivu, na timu yetu haijashinda kitu tangu nianze. Naandika jina linalofuata.

Kila asubuhi natembea dakika zangu thelathini, na njia yangu inapita kwenye genge lile, kwa kuwa njia nyingine ina mteremko mkali. Yeye hunisalimia, maana alilelewa vizuri na mimi nimemzidi umri. Shikamoo yake haina dharau wala haina kitu kingine chochote. Naitikia marahaba, napita.