Barua ya Bonde

Lori la taka lilikaa miezi kumi na minne bila kukanyaga mtaani kwetu. Siku lilipokuja, halikubeba hata mfuko mmoja.

Lilikuja limejaa udongo.

Likarudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa bonde, likamwaga. Likaja la pili. Likaja la tatu.

Nilikuwa naanika. Kazi yangu ni kufulia watu nguo. Nikabaki na shuka la watu mkononi, mdomo wazi.

"Wanafukia jalala wajenge ghorofa," akasema fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Angalau harufu itaisha."

"Na maji ya mvua yatapita wapi?"

Akageuka kulitazama bonde.

Maji ya mtaa mzima hupita kwenye bonde lile. Likifukiwa, yatatafuta pengine, na pa kwanza ni chumba cha mama yangu. Unashuka ngazi mbili kukiingia. Mama amepooza upande mmoja. Hawezi kukimbia maji.

Mvua ya kwanza ilipokatika, nilimkuta kitandani, ndala zake zinaelea chumbani.

"Mwanangu," akasema, "nimekuita mpaka sauti imekauka."

Nilifunga siku tatu nikimwomba Mungu atutendee haki. Siku ya tatu tukatangaziwa kuwa afisa wa ardhi anakuja kutusikiliza. Nililia kwa shukrani.

Kikao kilikuwa shuleni, kwenye chumba kilekile ninachosomea jioni. Nilianza darasa hilo nina miaka hamsini na moja, sijui hata a. Sasa nasoma, ila polepole, kwa kidole, midomo ikicheza.

Watu walifoka.

"Mmetuachia taka mwaka mzima, sasa mnatuletea mafuriko!"

"Hizo ghorofa ni za nani?"

"Mheshimiwa," akadakia fundi cherehani, "watoto wetu wanaharisha kila siku, na nzi wa huku wamenenepa kuliko sisi!"

Wachache wakacheka, lakini si kwa raha.

Afisa alikuwa mtu mpole. Alingoja tuchoke, kisha akatoa karatasi kwenye faili, akaiinua tuione.

"Lingekuwa njia ya maji, nisingeruhusu ujenzi. Lakini ninyi wenyewe mliandika." Akasoma: "'Sisi wakazi tunaomba ruhusa ya kutupa taka bondeni. Bonde hilo halina matumizi yoyote.'"

"Uongo!" Fundi cherehani alikuwa ameshasimama. "Hiyo wameghushi!"

"Inawezekana. Haina jina la mtu. Kama hakuna anayeitambua, narudisha faili, ujenzi unasimama, tunapima upya. Kuna anayeitambua?"

Watu wakatazamana.

Mimi niliitambua. Herufi zile kubwakubwa, zinazopanda mlima kuelekea mwisho wa mstari, zilikuwa zangu. Ndiyo barua yangu ya kwanza maishani.

Lori lilipoacha kuja, msimamizi wake alinikuta nafua. Tulimwita Mzee Pole, kwa sababu kila lalamiko alilijibu "poleni sana."

"Gari bovu, mama," aliniambia. "Andika barua mruhusiwe kutupa bondeni kwa muda. Nitaipeleka mwenyewe."

Nikaandika jioni nzima. Akaisoma, akasema, "Ongeza hapo kwamba bonde halina matumizi. Wakubwa wanapenda sababu."

Nikaongeza. Ruhusa ilikuja kesho yake. Sikumwambia mtu kuwa nimeiomba mimi. Niliona ni sadaka yangu kwa mtaa, na sadaka haitangazwi. Nikasema Mungu amejibu maombi.

Sasa pale kikaoni ningeweza kunyamaza tu. Mama angelala pakavu.

Lakini ningemwombaje Mungu haki huku nimeukalia uongo?

Nikasimama. "Barua ni yangu."

Afisa akachukua kalamu.

Nikaeleza yote. Mzee Pole, gari bovu, ile sentensi aliyoniambia niongeze. Nikasema maji yanapita bondeni tangu sijazaliwa. Afisa alikuwa anaandika huku akiitikia, "Ndiyo, mama. Endelea, mama." Nilipomaliza akanigeuzia karatasi.

"Asante kwa ukweli wako. Soma, kisha weka saini."

Ulikuwa mwandiko wa kuunganisha. Watu wote macho kwangu.

Nikaona aibu. Niweke kidole, nichezeshe midomo kama mtoto, mbele ya mtaa mzima? Nikapitisha macho juujuu, kama nilivyoona wasomi wakifanya.

Nikasaini.

Mlangoni fundi cherehani akanishika mkono. "Dada yangu, si ungenyamaza tu?"

"Nimemweleza kila kitu. Ameandika."

"Haya," akasema, akauachia mkono wangu.

Baada ya wiki mbili karatasi ilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya ardhi. Nilikwenda peke yangu. Nikaweka kidole.

"Mimi, mkazi wa mtaa huu, nathibitisha kwamba barua hii niliiandika mwenyewe kwa hiari yangu, na kwamba yaliyomo ni kweli."

Basi.

Mzee Pole hakuwemo. Maji hayakuwemo. Mama yangu hakuwemo. Chini kulikuwa na saini yangu.

Baadaye dereva wa lori alimwambia fundi cherehani kwamba gari lile halikuharibika hata siku moja. Mzee Pole siku hizi anasimamia ujenzi bondeni. Tukipita anatupungia mkono.

Ukuta wao umesimama. Mvua iliyofuata ilifika kwenye godoro. Tulimtoa mama kwa kumbeba, watu wanne, na fundi cherehani alikuwa mmoja wao, ingawa hajanisemesha mpaka leo.

Mama sasa analala jikoni kwa mdogo wangu. Kila asubuhi ananiuliza, "Tunarudi lini?"

Namjibu, "Karibuni, mama."

Mungu anisamehe, na huo ni uongo.

Wewe unayesoma haya, sijutii kusema kweli. Ningeulizwa tena leo, ningesimama tena. Ninachojutia ni ile aibu. Nilihangaika miaka kujifunza kusoma, na siku ile moja niliyohitaji kusoma, nikajifanya nimesoma.

Ukipewa karatasi uweke saini, soma. Weka kidole. Chezesha midomo. Rudia mstari mara tatu kama hujauelewa.

Kikao kizima kikae, kikusubiri.