Dakika Ishirini za Karani wa Zahanati

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Manyunyu yameanza alfajiri na hayajakoma. Saa moja na nusu, karani wa zahanati anapanga upya mezani kadi tisa alizotumia kwenye ripoti ya mwezi uliopita, kuanzia mgonjwa aliyesubiri dawa muda mfupi hadi aliyesubiri mrefu. Anaweka kidole kwenye kadi ya tano, ya katikati: dakika ishirini.

"Hapa ndipo nilipoharibu," anasema, macho chini.

Ana miaka arobaini na tisa. Alianza hapa kama mfagizi. Kiingereza na hesabu anavisoma shule ya jioni, na huomba kabla ya kushika kalamu, maana ripoti huandikwa kwa Kiingereza.

Aliandika kwamba "average" ya kusubiri ni dakika ishirini. Wakubwa wakaona mambo shwari. Wakafunga dirisha la pili la dawa, wakabandika dakika hizo ukutani.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa jioni akaeleza: namba ya katikati huitwa "median". "Average", yaani wastani, ni kujumlisha zote, kisha kugawanya kwa idadi yake. Karani akazirudia kadi zake. Mmoja alisubiri saa mbili na nusu, mwingine zaidi ya saa nne. Wastani: dakika sitini.

"Uso uliniwaka. Nilitoka darasani bila kuaga."

Kadi ya tisa ni ya bibi mwenye bendeji mguuni. Leo yuko benchi la mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tumekuja kula dakika zetu ishirini!"

Benchi zima linacheka. Karani hacheki.

Mtoa dawa anamvuta pembeni. "Dada, ripoti si imeshapita? Mkataba wako unaisha mwezi huu. Nyamaza tu."

"Kwa Mungu nimetubu kwa magoti," anamjibu. "Lakini waliokaa benchi ni hawa."

Anabandua karatasi ukutani, anawageukia wagonjwa.

"Jamani, dirisha lilifungwa kwa sababu yangu. Namba ilikuwa ya kweli, jina nililoipa silo. Msimlaumu huyu wa dawa. Ripoti nimeiandika upya, namba zote mbili, kila moja kwa jina lake. Naipeleka kwa mganga mkuu."

Bibi ananyoosha mguu wake taratibu. "Lini, mwanangu?"

"Leo, bibi, kabla ya saa sita. Kwa mkono wangu, na jina langu chini. Nyote mmenisikia."