Watu Thelathini na Saba Walioletwa Kutushinda kwa Kura

Ijumaa tulitoka kazini tukiwa wafanyakazi sitini na mmoja. Jumatatu asubuhi tuliingia tukiwa tisini na wanane.

Na hakuna aliyekuwa amezaa wikendi ile.

Tuliwakuta getini wamejipanga, watu thelathini na saba, wake kwa waume, kila mmoja na ovaroli mpya ya bluu yenye mikunjo ya paketi. Mmoja alikuwa ameivaa nyuma mbele. Sitanii.

Mimi naitwa Keji. Nafunga nyaya kwenye kiwanda cha kuunganisha raksha, zile pikipiki za magurudumu matatu, huku Gumbo, Juba, ukishavuka daraja. Kontena zinaingia na vyuma, sisi tunatoa raksha. Nilikulia Eldoret, nikarudi nyumbani na Kiswahili na ufundi wa umeme wa magari.

"Hawa ni akina nani?" nikamuuliza Mugisha, msimamizi wa zamu yetu, Mganda mmoja mpole.

"Wafanyakazi mpya."

"Wa kufanya nini?"

"Keji, usiniulize mimi. Mimi iko hapa kama wewe tu."

Nikawatazama tena. Halafu nikamtambua yule mama wa mbele, mrefu, mwenye sauti ya kupasua bati. Anaitwa Awut. Kama umewahi kuona msafara wa wakubwa ukitoka uwanja wa ndege wa Juba, umemuona. Ndiye anayeongoza vigelegele.

Hapo nikaelewa. Walikuwa kikundi cha mapokezi cha Mheshimiwa.

Jina la Mheshimiwa siliandiki. Si kwa woga, ni kwamba halistahili bando langu. Jua tu kwamba ni mkubwa serikalini, na kwamba kiwanda kina hisa zake zilizoandikwa kwa jina la shemeji yake, siri ambayo hata mbuzi wa Gumbo wanaijua.

Sasa nikueleze tulichokuwa tunagombania.

Kaka yangu Lino alikuwa anafunga injini pale pale kiwandani. Mwezi wa pili mnyororo wa kunyanyulia injini ulikatika, injini ikamshukia mkono wa kulia. Vidole vitatu vikaenda. Mnyororo huo tulikuwa tumeulalamikia tangu Krismasi.

Kampuni ikampa mfuko wa unga wa mahindi, fulana yenye nembo, na barua ya kumwachisha kazi. Hata fulana haikumtosha.

Nilienda kwa meneja kumtetea. Meneja akaniambia, huku anakula korosho, kwamba kampuni haiongei na mtu mmoja mmoja.

"Mngekuwa na chama, ningeongea na chama," akasema, akacheka.

Basi tukaanzisha chama. Mimi na Mugisha tuliandika barua pamoja jikoni kwangu, yeye akitafuta maneno, mimi nikiandika. Ombi la kwanza lilikuwa moja: Lino arudishwe kazini, apewe kazi ya mkono mmoja. Watu arobaini na sita kati ya sitini na mmoja wakatia sahihi.

Afisa wa kazi akapanga siku ya kura na kubandika masharti getini. Kila mwenye mkataba wa angalau siku kumi na nne atapiga kura. Chama kitapita kikipata zaidi ya nusu. Kikipita, hakuna aliyepiga kura atakayeondolewa kazini mpaka mazungumzo ya kwanza na kampuni yaishe.

Tulikuwa tumeshinda tayari. Arobaini na sita kati ya sitini na mmoja, hiyo ni hesabu ya kulala usingizi.

Lakini arobaini na sita kati ya tisini na wanane? Hapo unahitaji hamsini. Na Mheshimiwa, ambaye sijawahi kumsikia akitaja takwimu moja sahihi kuhusu hospitali, hesabu hii aliijua vizuri sana. Aliwaleta watu wake siku kumi na nane kabla ya kura, wakapewa mikataba siku hiyo hiyo.

Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia pale getini, kioo cha gari kikiwa kimeshushwa nusu, "Kazi ya kudumu, wanangu. Mimi nimewaletea."

Majuma yale mawili na ushee niliwachukia kwa moyo wangu wote.

Hawakujua spana wala bisibisi. Mmoja aliniuliza petroli inamiminwa wapi, huku ameshika taa. Mwingine alifunga kiti cha dereva kikiangalia abiria, akasimama pembeni anakisifia. Niliwaita waimbaji, mbele yao, na nilihakikisha wamesikia.

Awut wakamweka pale alipokuwa Lino, kwenye mnyororo wa injini. Nilipita hapo kila siku bila kumsalimia.

Alhamisi, siku moja kabla ya kura, saa ya chakula, akanifuata nilipokaa. Ana Kiswahili chake alichokiokota akiuzia chai madereva wa malori kule mpakani Nimule.

"Ya uhti," akaniita, yaani dada yangu. "Wewe najua Kingereza?"

"Najua."

"Mimi nasoma Kiarabu tu, nilisoma Khartoum. Hii karatasi walinipa, walitupa sisi wote. Nilitia kidole. Inasema nini?"

Ulikuwa mkataba wake. Nikataka kumwambia akamuulize Mheshimiwa. Neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Lakini mama mzima amesimama mbele yako na karatasi asiyoweza kuisoma, utafanyaje?

Nikasoma. Nikarudi nyuma nikasoma tena.

"Mkataba wako unaisha kesho. Saa kumi na moja jioni."

"Kesho ya kura?"

"Kesho hiyo hiyo."

"Hapana. Yeye alisema kazi ya kudumu."

"Yeye alisema. Karatasi inasema kesho."

Hakulia wala hakutukana. Akainua kidole akaonyesha kule kwenye injini.

"Ile mnyororo yangu. Ndiyo ile ilikata ndugu yako?"

"Ndio ule. Wameuunga kwa waya."

"Na ile karatasi ya getini inasema nini?"

Tukatembea mpaka getini, nikamsomea masharti yote, neno kwa neno. Alinirudisha mara mbili kwenye lile la mwisho, la kutoondolewa mtu kazini. Halafu akasema "khalas", yaani basi, akakunja mkataba wake, akaondoka.

Sikumwomba kura. Nitakuwa mkweli, ilikuwa ni kiburi. Mimi, fundi wa umeme, nikaombe kura kwa watu wa vigelegele?

Ijumaa asubuhi Mheshimiwa akaja mwenyewe, na magari matatu na mpiga picha. Mtu mzima, na nchi ina shida ngapi, amekuja kusimamia kura ya mafundi wa raksha.

Afisa wa kazi alikuwa amekuja na karatasi za kura na boksi. Mheshimiwa akalitazama boksi lile kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

"Siri ya nini?" akasema. "Mzalendo hana siri. Wapange mistari."

Ungemuona afisa! Amesoma chuo kikuu, ana tai, ana muhuri wa serikali mfukoni. Akarudisha karatasi kwenye mkoba bila hata kukohoa. Nilimwonea aibu kuliko nilivyomwonea hasira.

Wanaotaka chama, kwenye tangi la maji. Wasiotaka, kwenye kontena. Mheshimiwa akawekewa kiti cha plastiki katikati, mwavuli juu, ili aone kila uso unakokwenda. Tuanze sisi wa zamani.

Nikaenda kwenye tangi. Nikageuka kuwaangalia wenzangu.

Mugisha akaja upande wangu. Moyo ukatulia. Alipofika karibu akainamisha kichwa.

"Keji, nisamehe. Mimi iko na watoto tano, na kibali ya kazi inaisha mwezi ujao."

Akanipita, akaenda kwenye kontena.

Mugisha! Mtu aliyeandika barua jikoni kwangu, akala asida yangu, ugali wetu wa huku, akaniambia tuko pamoja mpaka mwisho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kikulacho nilikuwa nimekipakulia mwenyewe.

Wengine wakamfuata. Mmoja mmoja, macho chini, utadhani wanaenda kuzika. Watu niliokuwa na sahihi zao kwenye faili.

Tulipomaliza, kwenye tangi tulikuwa ishirini na wanane. Kwenye kontena thelathini na watatu.

Yaani hata waimbaji wasingeletwa, tulikuwa tumeshashindwa. Kiti kimoja cha plastiki kilitosha.

Lino alikuwa nje ya geti, ameshika nondo ya geti kwa mkono wake mzima. Alihesabu kama nilivyohesabu. Nilishindwa kumtazama.

Mheshimiwa akatabasamu, akampungia Awut kidole. Zamu yao.

Awut akapiga kigelegele. Wakaanza wimbo wao wa uwanja wa ndege, ule wa kumsifu baba anayerudi na baraka, wakacheza kwa mstari, ovaroli zikipepea. Mheshimiwa akaanza kupiga makofi kwa mdundo. Mpiga picha akachuchumaa kupata picha nzuri.

Mstari ukaelekea kwenye kontena.

Ukalifikia.

Ukalizunguka, huku wimbo umepamba moto, ukaja moja kwa moja kwenye tangi la maji.

Thelathini na watano. Wawili walibaki kwenye kontena, hao ni wapwa wa damu wa Mheshimiwa, sina neno nao.

Kilichonifurahisha ni kwamba Mheshimiwa aliendelea kupiga makofi. Wimbo ulikuwa wa kwake, sauti zilikuwa za kwake, kwa hiyo mikono ilichelewa kupata habari. Meneja ndiye aliyemgusa bega.

Awut akasimama nyuma yangu, jasho linamtiririka.

"Hamumwogopi?" nikamnong'oneza.

"Kumwogopa kwa nini? Nyinyi namuona kwa televisheni, nasema huyu mkubwa. Sisi nampokea miaka saba. Anashuka kwa ndege, anatupita kama sisi miti. Hata jina langu hajui." Akafuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Mtu hajui wewe, atakuandikia ubaya kwa jina gani?"

Afisa alihesabu mara tatu, akiomba hesabu ibadilike. Haikubadilika. Sitini na watatu kwa thelathini na watano. Chama kimepita.

Sasa ngoja nikuonyeshe binadamu asiye na haya.

Mheshimiwa akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akachukua kipaza sauti, akasema, namnukuu: "Leo nimetimiza ahadi yangu ya kuwaletea wafanyakazi wa Gumbo chama chao."

Na wale wa kwenye kontena, wale wale, wakashangilia.

Saa saba redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa ameanzisha chama cha wafanyakazi. Nilikuwa nakula. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Meneja angekikatalia vipi chama ambacho mwenye hisa amekitangaza redioni kuwa chake? Mnyororo mpya uliletwa wiki iliyofuata. Awut na wenzake hawakuguswa, na wengi wao sasa wanafunga breki vizuri kuliko baadhi yetu.

Mugisha alikuja Jumatatu kuomba kadi ya uanachama. Nilimwandikia. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, lakini nilimwandikia.

Mwenyekiti tulimchagua kwa karatasi, ndani ya boksi. Nilisimama mimi, akasimama Awut. Nilipata kura kumi na tisa. Nikampa mkono, nikaenda nyuma ya stoo nikakaa kidogo.

Lino alirudishwa mwezi ule ule, kazi ya kutunza stoo. Na nani alikuja kumkabidhi barua? Mheshimiwa, na mpiga picha wake.

Alitoa hotuba fupi kuhusu upendo wake kwa wanyonge. Halafu akanyoosha mkono kwa ajili ya picha.

Lino akampa wa kulia, wenye vidole viwili.

Niliona Mheshimiwa anataka kuurudisha wake. Kamera ilikuwa inarekodi, hakuweza. Ilibidi aushike, na Lino hakumwachia haraka. Alimshika hivyo hivyo, anamtazama usoni, akamuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, mimi naitwa nani?"

Barua ilikuwa bado mkononi mwa Mheshimiwa na jina lilikuwa limeandikwa juu. Hakuwa ameisoma.

Somo langu ni hili, lichukue au liache. Mheshimiwa simfundishi kitu, amepita umri wa kufundishika. Ninajisema mwenyewe. Niliwadharau watu kwa sababu ya ovaroli mpya, na nikawaamini wengine kwa sababu ya sahihi. Zile sahihi nilizikusanya chemba, hakuna mkubwa anayeona. Anayekuambia tuko pamoja, msikilize na umshukuru, lakini usimhesabu mpaka siku atakaposimama upande wako huku anatazamwa.