Krismasi ya Betri na Karabai

Kama ulikulia Naro Moru miaka ile stima ilipokuwa ikiishia madukani, huenda unakumbuka jinsi Krismasi ilivyoanzia kwenye ua. Tulikata matawi ya saiprasi, tukayavalisha pamba na karatasi za peremende tulizozitunza tangu Pasaka. Nguo mpya, kwa waliozipata, zilinunuliwa kubwa makusudi ili zifike Krismasi ya tatu. Watoto wa siku hizi hupewa simu na bado wananuna.

Kwetu tulikuwa wanne, mimi mkubwa. Baba na Mama walikuwa wameshatutoka, nami niliachia shule darasa la sita ili niwaangalie wadogo. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya majirani wawili. Upande wa juu alikaa Baba Njoki, mzee wa kanisa. Upande wa chini Baba Maina, dereva wa lori la mbao. Nilimkatia Baba Njoki nyasi, akanipa chupa ya maziwa asubuhi. Nilimchotea Baba Maina maji, nikapata chupa ya jioni. Maziwa hayo ndiyo yaliyomlea Kabui, kitindamimba wetu aliyekuwa na miaka mitatu.

Mwaka huo ng'ombe wa juu alikula kabichi za chini. Alipitia kwetu bila kusimama, maana hapakuwa na cha kuliwa. Wazee wakaacha kusalimiana.

Desemba ilipofika, Baba Maina alipaka balbu za lori rangi ya kucha ya mkewe, akazitundika kwenye bati na kuziunganisha na betri. Kesho yake Baba Njoki akanunua karabai na kuizungushia maputo. Yalipasuka moja moja kwa joto, naye akasema ndivyo alivyopanga.

Taa bila watazamaji si kitu, na sisi ndio tuliokuwa karibu.

"Wangari, Krismasi mnakula chapati kwangu," Baba Njoki aliniambia. "Na msikanyage kwa huyo. Ile si taa, ni indiketa."

Baba Maina naye alinisimamisha kwenye njia ya mtoni. "Mkuje kwangu, kuna mbuzi. Lakini nikiwaona kule kwa karabai, maji nitajichotea. Ile ni taa ya bucha, ati Krismasi."

Kwenda kwa mmoja kulikuwa kupoteza chupa moja. Mama alizoea kutuambia, "Mkiitwa, muende kwa wote ama mkae nyumbani." Nikaamua tukae. Wadogo walilia, kwa kuwa chapati tulizionja mara moja kwa mwaka. Siku yenyewe nilipika githeri ya mahindi na maharagwe, nikawaketisha mlangoni.

Giza lilipoingia, mwanga mweupe ulishuka kutoka juu na mwekundu ukapanda kutoka chini, ikakutana uani kwetu. Kabui aligundua ana vivuli viwili, akaanza kuvikimbiza. Watoto wa majirani walipomwona, wakahamia kwetu wote.

Mama Njoki alikuja na beseni la chapati, kwani kwake hapakubaki wa kuzila. Mama Maina akafuata na sufuria ya nyama. Mwishowe wazee wenyewe wakaja kuuliza wake zao wako wapi. Wakati huo betri ilikuwa inafifia. Baba Njoki aliangalia balbu zikizimika, akapanda kwake. Alirudi na karabai, akaitundika mlangoni petu.

"Keti, Baba Maina. Gizani utachagua nyama namna gani?"

"Nitachagua ile imeshiba kabichi," Baba Maina akajibu, akaketi.

Kesho yake nilipeleka chupa juu asubuhi na chini jioni. Zote mbili zilijazwa.

Siku hizi kijiji kizima kina stima. Nyumba zimezungushiwa taa za rangi zinazojiwasha zenyewe, na kila boma lina ukuta wa mawe. Kabui, ambaye sasa ana wajukuu, alinitembelea Krismasi iliyopita. Giza lilipoingia alitoka uani, akasimama, akatazama chini huku na huku. Taa za majirani ziliishia ukutani. Alikuwa na kivuli kimoja.