Mng'aro wa Sufuria na Bomba la Kinu

Kazi yangu ni kukisia nyufa ambazo bado hazijatokea. Nakaa ofisini hapa Sydney, mbele ya kompyuta mbili, nikikadiria ni viungo vipi vya mabomba ya kinu cha nyuklia kilicho nchi ya mbali vitaanza kupasuka. Ufa wa aina hii unataka mambo matatu yakutane: chuma kinachoweza kuathirika, maji ya moto, na mvutano uliobaki ndani ya chuma baada ya kuchomelewa. Likikosekana moja, tunalala usingizi.

Mwaka jana nilipewa orodha ya viungo nivipange kwa hatari, ili wakaguzi wajue waanzie wapi kinu kitakapozimwa kwa matengenezo. Ndiyo ripoti ya kwanza niliyotia sahihi peke yangu. Kiungo kimoja picha zake zilinifurahisha sana. Fundi alikuwa amekisaga kwa mashine mpaka kikang'aa. Nikakiweka mwisho kabisa wa orodha, kwamba kinaweza kusubiri miaka. Nililelewa na mama aliyegeuza kila sufuria na kuichunguza juani. Usipouona uso wako, unarudi na majivu kusugua upya. Kwetu kinachong'aa kimefanywa vizuri, basi.

Jumamosi moja, ripoti ikiwa imeshatumwa, jirani yangu hapa Blacktown alikuja kunitengenezea geti. Ni Mkongomani, anachomelea matrela kwenye karakana moja ya Villawood. Alipomaliza niliona vipele vimebaki pale alipounga, nikamwomba avisage mpaka ving'ae.

"Nitapitisha meule kidogo tu, ndugu yangu," akasema, mashine ya kusaga mkononi. "Ukiikandamiza, chuma inapata moto huku juu, inajivuta. Macho itafurahi, lakini chuma inaumia."

"Lakini litaonekana vibaya."

"Unataka geti ama kioo?"

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Hayo niliyasoma chuoni, nikayafanyia mtihani na kuupita: kusaga kwa nguvu huacha mvutano kwenye ngozi ya chuma, na hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Nilijua vizuri, na bado macho ya nyumbani kwetu yaliniamulia juu ya kile kiungo. Niliona aibu, na kusema kweli niliogopa. Nilikuwa nimehangaika miaka kupata ruhusa ya kutia ile sahihi.

Mke wangu, muuguzi asiyependa maneno mengi, alinisikiliza huku akimimina chai. "Sisi tukikosea dawa tunasema hapo hapo," akasema. "Wewe unangoja nini?"

Jumatatu asubuhi nilimwambia bosi wangu kwamba nimekosea na naomba ripoti irudishwe. Akauliza nimegunduaje. Nikamweleza habari ya geti, na kwa kuwa nilishaanza kujiaibisha, nikamweleza na sufuria. Bosi, mama wa watu, akasema nirekebishe kabla ya chakula cha mchana, na sahihi ibaki yangu.

Kiungo kikapanda kutoka mwisho hadi cha kwanza. Miezi kadhaa baadaye nilipata barua pepe nikiwa kwenye treni ya kurudi nyumbani. Wakaguzi walikuta ufa mfupi, haujapenya. Kipande kikakatwa, kikawekwa kipya. Hakuna tone lililovuja. Niliisoma mara tatu, nikapitiliza kituo changu, na wala sikujali.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama kwa video, nikamwonyesha geti. Kwao bado ilikuwa asubuhi.

"Sogeza simu hapo kwa kona," akasema. Nikasogeza. Akachungulia kwa muda mrefu. "Huyo fundi hakumaliza kazi. Mwite arudi asugue."

"Nimesikia, mama," nikamjibu, na sijamwita mpaka leo.