Kabichi za adhabu zimenipandisha jukwaani

Leo kwenye mahafali hapa Kiseke nimeitwa mbele, na siyo kuchapwa!

Mwaka mzima nikichelewa, mwalimu wa nidhamu ananipa adhabu ileile: kamwagilie kabichi za shule.

Leo wageni wote wamekula hizo kabichi.

Tuzo ya mkulima bora? Mimi hapa! Aliyenikabidhi kikombe ni mwalimu yuleyule, kanuna kama kameza ndimu.

Mama vigelegele.

Mgeni rasmi akauliza, "Kijana, kilimo umejifunzia wapi?"

Nikajibu kwa mbwembwe, "Kwenye adhabu za kuchelewa, mheshimiwa!"

Vigelegele vya Mama vikakatika.

"We mtoto! Unachelewaje na alfajiri nakuamsha mimi?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Nyumbani naogopa kurudi, ila kikombe ninacho.

Nyie vipanga wa darasani mna vyeti, sawa. Nani kashiba vyeti?