Fungu la Doto

Ukitaka kumjua Kulwa binti Shimba, muuza samaki wa Buhongwa, usianze na yeye. Anza na chakula chake. Kila jioni akipakua, alitenga fungu moja pembeni na kulifunika kwa sahani. Hilo lilikuwa fungu la Doto, pacha wake, ambaye hakuwahi kumwona tangu apate akili. Akitokea mgeni, alipewa fungu la Doto. Asipotokea, watoto wa Kulwa waliligombania. Kwa mila alizokulia, pacha hawapewi kitu mmoja mmoja. Ukimpa huyu, umpe na yule, ama sivyo unaita maradhi. Baba yake, mzee Shimba, alikuwa akinunua magauni mawili mawili kwa binti mmoja, mpaka majirani wakamhurumia.

Huruma hiyo ilikuwa na historia. Mama wa pacha alifariki alipojifungua, wakati Shimba akiishi ng'ambo ya ziwa, karibu na Kamanga. Shangazi mmoja aliyekuwa na maziwa aliweza kumnyonyesha mtoto mmoja, wawili wangemmaliza. Basi Shimba akambeba Doto, aliyekuwa mdogo zaidi, akampeleka hospitali moja ya misheni alishwe maziwa ya kopo mpaka ajue kula uji. Aliporudi kumchukua, na jogoo wa shukrani kwapani, akaambiwa mtoto amepata wazazi wazuri na amekwishakwenda Ulaya. Akarudi kijijini na jogoo wake, akawaeleza watu hivyo hivyo. Watu wakatazamana, wakampa pole, wakaleta na unga wa matanga. Mtoto wa Kamanga apande ndege kabla ya kujua kutambaa! Hayo, walisema, ni maneno ya mfiwa. Shimba alikufa akishikilia neno lake, na Kulwa akabaki akitenga fungu bila kujua anamtengea mtu au mzimu.

Miaka ya tisini viwanda vya samaki viliota kando ya ziwa kama uyoga. Minofu ya sangara ilipanda ndege, na mifupa na vichwa, ndiyo mapanki, yakabaki kwa wenye nchi. Kulwa aliyakaanga na kuyauza kando ya barabara ya Shinyanga. Soko lilikuwa huria, na kila kitu kilikuwa na dalali wake. Josephat Muganyizi, Mhaya aliyepunguzwa kazi katika shirika la umma akaondoka na mkoba na Kiingereza chake, alikuwa dalali wa viwanja, dalali wa matairi, dalali wa mabondo, vile vibofu vya sangara. Mwaka mmoja akawa dalali wa koo za watu.

Ilianza hivi. Dada mmoja mweusi kama sisi, jina lake Ingrid, alishuka Mwanza kutoka Denmark akimtafuta mama aliyemzaa. Alikuwa na habari kidogo tu: kwamba alichukuliwa akiwa mchanga ng'ambo ya ziwa, na kwamba jina lake la pili ni Doto. Alidhani ni jina zuri tu. Mhudumu aliyemletea chai hotelini ndiye wa kwanza kumuuliza Kulwa yuko wapi. Dobi naye akauliza hivyo hivyo, na dereva wa teksi. Josephat, aliyekuwa akinywa soda meza ya pili, akasogeza kiti na kumweleza jambo ambalo Tanzania nzima inalijua isipokuwa yeye: Doto ni pacha wa pili, na pacha wa kwanza huitwa Kulwa. Ingrid alilia pale pale mezani, na Josephat akawa amepata kazi.

Habari zikaenea, na akina Kulwa wa mji mzima wakajipanga kwenye baraza la hoteli. Walikuja Kulwa wa kike na, kwa kubahatisha, Kulwa wa kiume. Mmoja alisindikizwa na Doto wake mwenyewe, mzima wa afya, aliyemshikia mwavuli.

Kulwa binti Shimba aliposikia, aliacha karai lake kwa jirani. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikamwasha, lakini harufu ya samaki haikutoka. Alimsimulia Josephat kila kitu, pamoja na jogoo. Josephat alisikiliza huku akiitazama picha ya Ingrid, aliyekuwa mrefu, mwenye mwanya na mashavu ya kushiba. Kisha akamtazama Kulwa, mfupi, mkavu, mikono imejaa alama za mafuta ya moto.

“Mama, hadithi yako ni nzuri sana,” akasema. “Sura ndiyo haifai. Pacha hufanana.”

Kulwa akamwambia kwamba hata mbuzi huzaa mapacha wasiofanana. Josephat akaita anayefuata.

Nafasi ikaenda kwa Modesta, msusi wa mjini, mrefu, mwenye mwanya wa kupendeza. Modesta kwao alizaliwa peke yake, ila hilo halikumsumbua dalali. Alimpa jina la Kulwa, akampa na hadithi ya Kulwa, akamfundisha mahali pa kulia, yaani kwenye jogoo.

Habari za kupatikana kwa Kulwa zilimfikia Kulwa akiwa anakaanga. Jioni ile alitenga fungu kama kawaida, akakaa akilitazama. Ilimuuma kuliko siku waliyomzika baba. Kufiwa na ndugu alikuwa amekuzoea. Kunyang'anywa kulikuwa kugeni kwake.

Siku moja kabla ya pacha kukutanishwa, Ingrid akaeleza kwamba daktari atawatoa damu, naye ataipeleka kwao ikapimwe. Josephat akapiga hesabu akaona hasara hakuna: majibu yatachukua miezi, malipo ni kesho. Modesta naye akapiga hesabu yake, akaliona gereza, akapanda basi la Musoma bila kuaga. Dalali akabaki na hadithi isiyo na mtu. Hapo ndipo alipomkumbuka mama wa mapanki.

Alifika Buhongwa giza likiingia, akawakuta wanakula. Alikaribishwa, akapewa fungu la Doto, akalimaliza na kulamba vidole. Kisha akaeleza shida yake.

“Kesho wewe utakuwa Kulwa,” akasema.

“Mimi ni Kulwa.”

“Ndivyo, ndivyo. Shikilia hapo hapo.”

Akamuuliza anataka kulipwa nini. Kulwa akasema hataki kitu. Josephat hakuwahi kukutana na mtu mjanja kiasi hicho, akapandisha dau mwenyewe, na bado mama akakataa.

Kesho yake, katika sebule ya hoteli, Ingrid aliingia akitanguliza bega la kushoto, mwendo wa Shimba mtupu. Kulwa alikuwa amejiandaa kufurahi. Kilichomjia kwanza ni wivu. Aliyaona yale mashavu, meno yote kamili, viganja laini visivyojua karai, akamwonea kijicho kikali, kijicho ambacho hatumwonei mtu baki. Kwa kijicho hicho akajua kwamba huyu ni ndugu yake. Ingrid alilia. Kulwa hakulia, hata Josephat alipomkanyaga mguu kumkumbusha.

“Mwambie baba hakumtupa,” akasema. “Alimpeleka akanywe maziwa. Alikwenda kumchukua, akakuta ameondoka.”

Josephat akatafsiri neno kwa neno, maana ndivyo alivyokuwa amemkaririsha Modesta. Daktari akatoa damu, Ingrid akapanda ndege, na dalali akalipwa. Njiani alimlaumu Kulwa kwamba hakuigiza vizuri.

Masika yalipokwisha, Josephat alisikia Ingrid amerudi Mwanza, akavuka kwenda Kamanga kujificha kwa shemeji yake. Huko ndiko habari zilikomfuata: damu imesema hao ni watoto wa tumbo moja, na Ingrid anamtafuta amshukuru. Josephat aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Kwamba yule mama alikuwa amesema kweli ni jambo ambalo halikumpitia akilini. Akafikia uamuzi kwamba hata Ulaya madaktari wana bei yao, na mama wa mapanki anaijua. Alirudi mjini kifua mbele, akapanga chumba, akaandikisha kibao: NDUGU HALISI HUPATIKANA HAPA. TUNA VIPIMO VYA ULAYA.

Jioni moja akaenda Buhongwa kudai chake katika shukrani hizo. Aliwakuta wamekaa mkekani. Ingrid alikuwa katikati, anachambua panki kwa vidole, na watoto wa Kulwa wanamtazama kwa chuki ya wazi, maana tangu aje hawajagombania kitu.

Josephat akainama kwenye sikio la Kulwa. “Mama, sisi ni watu wazima. Ile damu uliifanyaje?”

Hasira alizokuwa nazo Kulwa zilikuwa zimekwisha. Alimwonea huruma, kama majirani walivyomwonea baba yake.

“Karibu ukae, Bwana Muganyizi, ila utanisamehe, leo sina cha kukupa,” akasema. “Lile ulilokula siku ile lilikuwa fungu lake. Leo mwenyewe yupo.”

Doto, mdomo umejaa samaki, akauliza kwa Kiingereza dada yake amesema nini. Josephat akasimama na mkoba wake mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi, Kiingereza kikamkimbia.